Ufunguo Aliobaki Nao Mzee Emorut

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Malaba
Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa saba na nusu mchana

Jina: Zilpa Among
Umri: miaka 43
Kazi: kununua pikipiki kuukuu, kuzitengeneza na kuziuza
Makazi: Malaba, nyuma ya soko

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza kwa hiari yangu, na ningeeleza mapema zaidi kama ningepata kiti. Nimeulizwa ninachojua kuhusu Honda ndogo nyekundu, cc 50, iliyoegeshwa hapo nje, na kuhusu Mzee Methuselah Emorut, ambaye yuko seli tangu saa tano. Naanza na neno moja ili lisipotee katikati ya mengine: mzee huyu si mwizi.

Kazi yangu naifanya mwaka wa tisa sasa. Wengine wanakimbilia pikipiki kubwa mpya, mimi nazunguka vijijini nikitafuta ndogo zilizosahauliwa. Faida yake si haba, na furaha yake ni kubwa kuliko faida. Kitu kilichokaa miaka kama kiota cha kuku kikikohoa moshi tena, mimi siku hiyo hulala vizuri.

Mnamo tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, nilifika nyumbani kwa Mzee Emorut, karibu na Kocholia. Ana miaka 78. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo wa serikali, na kwa miaka mingi alizunguka na Honda hiyo akichanja ng'ombe. Mpaka leo watu wa huko wanamwita daktari wa ng'ombe. Honda ilikuwa imesimamishwa ndani ya jiko la zamani, magurudumu hayana upepo, na haikuwa imenguruma kwa miaka kumi na moja. Kwenye kikapu chake cha mbele kuku alikuwa amelalia mayai. Mimi na mzee tulielewana bei bila kelele. Mkewe, Mama Akiteng, ndiye aliyekataa.

"Hiyo haitoki leo," alisema. "Kuku aangue kwanza."

Nilirudi Malaba mikono mitupu, nikicheka njia nzima.

Tarehe 27 Machi nilikwenda tena. Vifaranga tisa walikuwa uani. Tuliandikiana makubaliano mbele ya naibu chifu, na mzee akanikabidhi logibuku, hati ya umiliki. Nakala za karatasi zote nimempa afisa. Nilipoomba ufunguo, mzee aliutazama, kisha akautia mfukoni.

"Mama, ng'ombe nimekuuzia," alisema. "Kamba hatuuzangi."

Afisa anasema jambo hilo analijua, hata kwao lipo, lakini nilieleze kwa sababu faili inaweza kusomwa na mtu asiyelijua. Kwetu, ng'ombe akiuzwa, mwenye boma hufungua kamba yake na kubaki nayo. Mnunuzi huja na kamba yake mwenyewe. Kamba ya boma ikienda na ng'ombe, inaaminika kwamba bahati ya boma imeifuata. Baba yangu alifanya hivyo, na mimi nikiwa msichana ndiye niliyetumwa kuirudisha kamba nyumbani. Lakini pikipiki? Nilimwambia mzee kwamba Honda haina shingo. Hakucheka. Mama Akiteng akaniambia kwa upole, "Hiyo ndiyo ilisomesha watoto yetu wote. Mwachie tu."

Nikamwachia. Kama katika habari hii kuna kosa langu, ndilo hilo. Ningebadilisha swichi ya ufunguo wiki ile ile, leo tusingekuwa hapa. Sikuibadilisha kwa sababu ilikuwa imelegea kiasi kwamba msumari uliifungua vizuri kabisa, na mimi si mtu wa kutupa kitu kinachofanya kazi.

Fundi wangu, Eriaku, alikaa na Honda hiyo wiki saba. Alisafisha kabureta, akabadilisha ringi za pistoni, akanyoosha madigadi. Tarehe 20 Mei, saa tisa alasiri, iliwaka. Nakiri nilipiga vigelegele mbele ya watu.

Leo saa tatu na nusu asubuhi alikuja mteja anayeitwa Quinton Ongodia, fundi cherehani kutoka Busia. Aliizungusha mara mbili mbele ya gereji ya Eriaku, ikampendeza. Nilichomoa msumari wangu, nikautia kwenye mkoba, tukaingia kibanda cha ng'ambo kunywa chai na kumaliza maneno. Eriaku naye alikuwa amekwenda kununua oili. Saa nne na dakika ishirini tulitoka kibandani. Honda haikuwepo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kizuri changu kilikuwa kimejitembeza pia.

Kabla sijapata wazo, Bw. Ongodia alipaza sauti, "Mwizi!" Waendesha boda watatu wakaondoka kwa kasi, na mimi nikapanda boda ya nne. Roho ilikuwa mkononi. Nasema wazi kwamba sikuwa naogopa kupoteza pikipiki. Nimekaa Malaba miaka mingi na nimeona yanayompata mtu akishaitwa jina hilo barabarani.

Tulimkuta saa nne na dakika thelathini na tano, kilomita chache kwenye barabara ya kwenda Kocholia. Mzee alikuwa akienda polepole kiasi cha kupitwa na baiskeli, kofia kichwani, mgongo wima. Wale wa boda walipompigia honi, alitoa mkono akawaonyesha wapite. Hawakupita. Akasogea kando zaidi, akatoa mkono tena. Walimzunguka akasimama, na mmoja wao alikuwa ameshaokota jiwe. Hapo mwendeshaji mwingine, anaitwa Omuse, alipiga kelele.

"Wacha! Wacha hiyo jiwe! Huyu ni daktari ya ng'ombe. Ng'ombe ya mama yangu ni yeye aliponesha!"

Jiwe likaangushwa. Ningependa jina la Omuse lisikose kwenye faili hii.

Mzee alizima Honda, akachomoa ufunguo na kuurudisha mfukoni, kama mtu aliyefika kwake. Aliponiona alitabasamu. "Mama Among, imeamka kiki moja tu," alisema.

Nilimuuliza alikuwa anaipeleka wapi.

"Nilitaka Akiteng aisikie. Halafu nirudishe."

Akanieleza kwamba alikuja sokoni kununua chumvi, akaiona imesimama mbele ya gereji, akatia ufunguo ili ajue kama bado inamtambua. Ilipomjibu, alipanda. Chumvi yenyewe ilikuwa kikapuni. Alisema zamani akitoka kuchanja, mkewe aliisikia Honda ikipanda kilima cha kwao na kuweka chai motoni, na yeye akifika chai imeiva. Tangu Honda inyamaze, chai ni ya kuomba. Mimi hapo nilishindwa kuendelea kumgombeza, nikajifanya natazama tairi.

Gari la polisi lilitufikia saa nne na dakika hamsini. Ufunguo ulipokutwa mfukoni mwake, mzee alichukuliwa. Siwalaumu. Mtu mwenye ufunguo wa pikipiki iliyouzwa haonekani vizuri, na ndiyo maana nimeeleza habari ya kamba kwa urefu.

Alikosea kwa kutoniuliza. Nimemwambia hivyo mwenyewe, ameniomba msamaha na nimemsamehe. Sitaki mashtaka. Bw. Ongodia yuko hapo kwenye benchi, na kelele zake zimemsumbua moyo. Bado anaitaka Honda. Ameniambia, "Kama mzee wa sabini na nane anaiwasha kiki moja, boss, mimi nachukua."

Naomba Mzee Emorut aachiliwe. Naomba ufunguo arudishiwe yeye, si mimi wala Bw. Ongodia. Swichi mpya nitainunua mimi, na Eriaku ataifunga. Lakini kabla ya hapo, tumekubaliana sisi watatu, mimi, mzee na Bw. Ongodia, kwamba leo hii Honda itawashwa kwa ufunguo wake wa zamani, iende Kocholia, ipande kile kilima mara moja. Ikishuka, ni mali ya Busia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, na yote ni sawa, isipokuwa afisa alikuwa ameacha vifaranga tisa, naye amewarudisha.

Sahihi: Z. Among

Maelezo ya afisa: Nimeandika haya kama yalivyosemwa, nikamsomea shahidi, naye akatia sahihi mbele yangu. Mzee Emorut ameachiliwa saa nane na dakika kumi bila mashtaka, na kielelezo, ufunguo mmoja, amekabidhiwa. Leseni yake iliisha zamani, nimemwonya asiendeshe. Ameiwasha yeye, ameendesha Bw. Ongodia, na wote wawili wamevaa helmeti. Shahidi amewafuata kwa boda. Saa tisa na dakika tano amepiga simu kituoni kuarifu kwamba wamefika salama na wamekuta sufuria ya chai motoni. Nilimuuliza ni nani aliyempigia Mama Akiteng simu. Amesema hakuna.

Koplo Akurut