Mwanga Uliopita Juu ya Murara

Papa,

Jumatatu jioni tulikuwa tunakula uani hapa kwetu Murara, mimi na Mama, maana umeme ulikuwa umekatika na ndani kulikuwa giza. Tangu tukuzike, Mama alikuwa hataji jina lako, wala hasalimii majirani. Anakula matonge mawili, anarudi kitandani. Nilishachoka kubembeleza.

Ghafla nikaiona sahani yangu. Nikafikiri umeme umerudi. Nikainua macho: moto ulikuwa unakuja kutoka upande wa ziwa, mkubwa, mweupe katikati, kijani pembeni, unaburuta mkia. Papa, haukuwa na sauti hata kidogo. Vivuli vyetu vikazunguka ukutani. Niliona kila jiwe jeusi la ukuta, niliona mvi za Mama. Ulipofika upande wa volkano ya Nyiragongo ukapasuka vipande vitatu, ukazimika. Tonge la bugali lilikuwa mdomoni, nikasahau kutafuna.

Jirani yetu Mama Neema alishabeba watoto wawili, anaelekea barabarani, anasema ni bomu. Wengine wakamfuata. Unakumbuka watu walivyokanyagana mara ile nyingine tulipokimbia mabomu.

Ni Mama aliyesimama.

"Mama Neema, weka watoto chini. Ile ni jiwe la mbinguni. Bwana yangu alikuwa mwalimu wa jiografia, alinieleza. Mwanga unafika kwanza, sauti iko nyuma. Itanguruma, lakini haitatufanya kitu."

Watu wakasimama, wakamwangalia. Tukangoja. Nakuambia ukweli, mimi mwenyewe sikumwamini. Halafu ikaja, ngurumo ndefu, mabati yakatetemeka. Hakuna aliyekimbia. Mutoto mudogo wa Mama Neema akauliza kama litapita lingine.

Mama alikaa nje na majirani, akiwaeleza ulivyokuwa unazungusha chungwa mbele ya mshumaa darasani. Alitaja jina lako, akalitaja tena. Sijui namna ya kukuandikia ukubwa wa kile kitu. Anga nzima, Papa. Sisi hapa tumezoea kuinua macho kwa woga tu.

Madaftari yako nilikuwa nimeyafunga kamba, niwapelekee wauza karanga wa soko la Birere wafungie karanga zao. Nimeyafungua. Nitayasoma yote, nianze na lile la anga, na pale nitakapokosea Mama atanisahihisha.

Pumzika, Papa.

Binti yako,
Furaha