Kuhusu Misa ya Kavira

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani, kwenye baridi ambayo hata mbuzi wa Lubero wasingeivumilia. Goti lako linaendeleaje? Unakunywa dawa, au unazificha chini ya mto kama zamani? Mimi mwili ni mzima. Moyo hauko sawa, sitakudanganya. Kila nikipiga simu unapokea, unanisikiliza, husemi neno. Donc, ndiyo maana nimeandika, na mama mmoja wa Butembo anayerudi nyumbani atakuletea barua hii mkononi.

Baba mdogo alinipigia Jumapili. Alisema: "Masika, uongee na mama yako. Miezi munane sasa, na angali anawekeaka Kavira sahani ku meza. Batu ba famille banataka kilio, banataka misa. Mais ye hapana kukubali. Weye ndiye ye anasikiaka."

Nilimwambia nitaandika. Anajua vizuri kwa nini anasema hivyo. Shule ilipomchagua mdogo wangu Kavira akimbie mbio za kupokezana kule Beni, ulikataa, ukasema barabara si nzuri, watu wanatekwa. Ni mimi niliyekupigia siku tatu mfululizo. Nilikueleza habari za Bibi Gerda, mzee ninayemwogesha na kumlisha hapa kazini: kwamba alikuwa msichana kama Kavira, mama yake akamruhusu, akawa kati ya wanawake wa kwanza wa mji wake kukimbia mbio hizo za watu wanne. Ulichoka nami, ukakubali. Walishinda. Kesho yake Kavira akapanda pikipiki kwenda Mabalako kumwonyesha shangazi medali. Pikipiki ikakutwa imeungua kando ya njia, dereva amekufa, na mtoto wetu hayupo.

Lakini habari za Bibi Gerda nilikupa nusu tu, Mama. Nusu nyingine sikuijua. Alinieleza mwezi huu nikimkata kucha. Walikimbia baada ya vita, kwenye njia ya majivu ya makaa, na njaa tumboni, viatu vya kuazimana. Yeye alikuwa wa tatu. Wa tatu hageuki kutazama: anaanza kukimbia, ananyoosha mkono nyuma, na akisikia sauti ya mwenzake anafunga vidole kwenye kijiti. Sauti ile ilikuwa ya rafiki yake, Lotte. Nchi yao wakati ule ilikuwa imekatwa vipande viwili. Lotte akavuka upande wa pili kumzika baba yake, hakurudi, wala barua haikuja. Kocha akaleta msichana mwingine. Bibi Gerda akakataa kupokea kijiti kwake. Akangoja mwaka, akangoja wa pili, timu ikaenda bila yeye. Hivyo ndivyo mbio zake zilivyoisha. Mimi nilidhani aliacha kwa sababu ya ndoa.

Nikamuuliza, kwa Kijerumani changu cha kuchechemea, kama alifanya vizuri kungoja. Nilitaka anipe neno la kukuandikia. Alitazama vidole vyake, akasema: "Sijui. Miguu yangu ilikuwa bado mizima. Na Lotte hakuja." Kisha akaomba chai.

Nililia jikoni hadi mkuu wangu wa kazi akaja kuuliza nimeungua wapi. Ni mimi niliyemtoa Kavira nyumbani kwa ulimi wangu. Unisamehe au usinisamehe, lakini ujue kwamba najua.

Msalimie shangazi wa Mabalako, umwambie hana kosa, yeye hakumwita mtoto. Wasalimie wadogo zangu wawili, wasiache shule. Mwalimu wa michezo naye, nasikia haonekani tena kanisani kwa aibu, msalimie hukohuko nyumbani kwake. Baba mdogo umsomee barua hii yote, maana ndiyo jibu langu kwake.

Ukitaka misa, niambie siku, nitavaa nguo nyeusi huku na kusali saa ileile. Ukitaka sahani ibaki mezani, ibaki, na atakayekusumbua anipigie mimi. Mara ya kwanza ulikuwa na haki, nikakushinda kwa maneno. Safari hii uamue wewe, Mama. Mimi sitakushawishi tena.

Mtoto wako wa kwanza,
Masika