Geti la Kijani

Mwenzangu uko? Usicheke. Nimekula chakula cha watu nikiwa mchumba wa mtu nisiyemjua!!

Si dalali aliniambia, geti la kijani, ingia tu, mama mwenye nyumba anakusubiri? Nikaingia na sanduku langu. Mama akanikumbatia: "Karibu mwanangu, tumekungoja tangu asubuhi!" Nikasema kumbe huku wapangaji wanapendwa hivi.

Sasa hili joto la huku! Jasho linanichuruzika, nimeinamisha kichwa nipate upepo wa feni. Shangazi mtu akanong'ona, "Ana haya huyu. Kalelewa."

HAYA! Mimi!

Nikapakuliwa wali, nikafagia sahani. Nikaosha na vyombo, nimfurahishe mwenye nyumba. Wakaangaliana wakitabasamu.

Ndipo mama akauliza, "Na mwanangu anakutunza vizuri?"

Nikamjibu, "Sijakutana naye bado, mama, ila kodi nimeshalipa."

Mwenzangu, KODI NIMESHALIPA!!

Mama akageuka kuliangalia sanduku langu. Mara hodi getini: mchumba mwenyewe! Walikuwa wanamjua kwa simu tu. Kapendeza, hana hata tone la jasho.

Nikaomba radhi, nikabeba sanduku. Kwangu ni nyumba ya pili, geti kijani vilevile.

Sasa hivi shangazi mtu kaniita juu ya ukuta: "Binti, yule kala, sahani kaiacha mezani. Sisi tuna mwingine, mdogo mtu, hajaoa."

Na mimi chumba nilichopewa ni tanuri, dirisha moja, feni hakuna.

Nikamuuliza kama huyo kijana chumbani kwake ana feni.