Kwa Baba Mutie, Ambaye Hakuwa Mlevi

Mwaka umetimia, Baba, tangu uketi kwenye kiti chako nyumbani Mashimoni, Kibera, ukiuguza mgongo, usingizi ukakuchukua, na pumzi isirudi.

Ulikuwa fundi wa masanduku ya bati. Watoto wengi wa Kibera walikwenda shule za bweni na kazi ya mikono yako, na ndani ya kila kifuniko ulibandika picha ya simba, "ili mwizi ashtuke". Kuinamia bati kuliuharibu mgongo wako. Mama alipokusihi uende hospitali, ulimtania: "Nikilazwa, nani atagonga bati? Wewe?"

Ukaenda duka la dawa la jirani. Ulitusimulia mwenyewe jioni hiyo. Uliuziwa vidonge vya tramadoli, dawa kali ya maumivu, na juu yake chupa ya dawa ya mizizi. Ukauliza kama ina pombe, kwa maana hukuwahi kuonja pombe maishani. "Ah, mzee! Hiyo ni mizizi tu. Hata pasta hunywa." Hakuna aliyekuuliza kama una pumu.

Daktari aliyeuchunguza mwili wako ndiye aliyetufungua macho. Chupa ile ilikuwa na pombe kali. Tramadoli hudhoofisha upumuaji, pombe huudhoofisha zaidi, na kifua chako cha pumu hakingeweza kustahimili yote mawili.

Tumejaa kinyaa, Baba. Muuzaji yule alikuja matangani, akala chakula chetu, akatuambia, "Mungu ametwaa." Hadi leo vidonge na chupa zile vimepangwa pamoja kwenye kaunta yake.

Lakini kinachotutia kichefuchefu zaidi ni waumini wenzako. Walipokuja nyumbani siku ile waliisikia harufu ya chupa kando ya kiti chako, wakanong'onezana, "Kumbe Mutie alikuwa mtu wa chupa!" Kwaya uliyoiimbia besi tangu ujana wako ikakataa kukuimbia kaburini.

Sasa kwaya hiyo hiyo inaomba kuimba katika ibada yako ya kumbukumbu, Jumapili hii. Mama amewajibu: "Karibuni. Ila kabla ya wimbo, msimame mbele ya kanisa mseme kwamba Mutie hakuwa mlevi. Na mseme kwa sauti. Kunong'ona mlishanong'ona."

Tunaokulilia ni mkeo Syombua, wanao Marion na Kimanzi, na dada yako Ndululu wa Kawangware.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba.