Masikio ya Mjomba

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, ngoja nilitoe hili ambalo sijamwambia mtu yeyote: mjomba hasikii tena.

Sasa hujambo? Shemeji hajambo? Mtoto ameshaota meno? Mimi ni mzima, ila nimechoka, uchovu ambao hata kulala hakuuondoi.

Kama mama alivyokwambia, tangu nimalize shule niko na mjomba kwenye karakana yake. Nafungua makasha ya kompyuta, napuliza vumbi, nasugua kadi za kumbukumbu kwa raba ileile niliyofanyia mtihani. Nimejifunza kwamba kompyuta ikiwashwa, kabla skrini haijaonyesha kitu, hujikagua kwanza kama mtu anayepapasa mifuko mlangoni: kumbukumbu ipo? kadi ya picha ipo? Ikijikuta kamili hulia pii mara moja. Ikilia mara tatu, kumbukumbu ina kasoro. Skrini ya majaribio tunayo moja tu, na kila mara imeshikwa na mashine nyingine, kwa hiyo mjomba hutibu kwa kusikiliza. Ndiyo maana wateja humwita Daktari Sikio.

Mwezi wangu wa pili hapa, mashine ililia mara tatu naye akabaki anangoja, macho yakiwa usoni kwangu. Unanijua, mimi kusema ni kazi. Kumwambia mtu mzima kwamba hasikii ningeanzia wapi? Nikagonga meza kwa kidole, mara tatu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akachomoa kadi ya kumbukumbu. Hatujalizungumza hadi leo. Mashine inalia, nagonga, anatibu. Hata kwenda msalani naenda mbio.

Wiki iliyopita karani wa zahanati alileta kompyuta inayotunza majina ya wagonjwa. Mjomba aliisafisha, akachomeka kumbukumbu, akaiwasha. Mimi nikagonga mara moja. Akamwambia karani mgonjwa wake amepona, aende naye nyumbani.

Kesho yake karani alirudi amelikumbatia kasha, amefura. Alisema wagonjwa wamepanga foleni tangu alfajiri na skrini ni nyeusi tii. Akamuuliza mjomba mbele ya wateja kama siku hizi Daktari Sikio ameziba masikio kwa nta, au anasikilizia tumbo. Watu wakaangua kicheko. Mjomba akasema kosa ni lake, alikuwa na haraka, akaomba radhi mara mbili. Mimi hakunitazama.

Maneno hayana miguu lakini yalifika nyumbani kabla yangu. Jioni mama aliniuliza kama kaka yake ameanza kuzeeka, kwa sababu wajomba wengine wanasema karakana ifungwe apumzike. Nikamjibu kwamba lilikuwa vumbi tu.

Dada, halikuwa vumbi, wala sikukosea kuhesabu. Ile mashine ililia mara tatu, niliisikia vizuri. Niligonga mara moja makusudi. Nilikuwa nimechoka kuwa sikio la mtu mwingine, nikataka kujua kama kweli hasikii hata kidogo. Nilitamani ageuke anikemee, aniulize nimekuwa kiziwi. Hakugeuka. Alitabasamu, akafuta mikono, akafunga kasha.

Na siku ile ile ya matusi, karani alipoondoka, mjomba aliwasha mashine iliyofuata, akatazama mkono wangu kama siku zote, bila shaka yoyote. Afadhali angenipiga.

Nitamwambia mwenyewe nilichofanya, nikipata sauti. Lakini najua moyo wako, utataka kumwambia mama kwa nia njema. Tafadhali usimwambie. Akijua yeye, wajomba watajua, na kufuli litatiwa mlangoni siku hiyo hiyo. Mjomba akikaa nyumbani bila mashine mbele yake, sijui atakuwa nani.

Mbusu mtoto, msalimie shemeji, ila usimsomee. Barua hii ukiimaliza ichane vipande vidogo, dada. Iwe kwako na kwangu tu.

Mimi mdogo wako.