Makala Ambayo Sikuigusa

Mdogo wangu Hamisi,

Garsen jua linachoma hata kivulini! Nilikuwa hotelini nakula samaki wa nazi ujumbe ulipoingia: wahariri wenzangu wameipitisha makala yako, itatoka kwenye jarida letu. Nikapiga vigelegele. Mama wa Kiorma anayeuza maziwa akauliza, "Harusi ya nani?" Nikamwambia ndugu yangu ameshinda, na mimi sikumsaidia hata kidogo. Akacheka, akanijazia kikombe bure.

Najua ulininunia nilipowaambia wenzangu kuwa wewe ni ndugu yangu wa damu, nikatoka nje ya kikao cha kujadili makala yako. Sasa tembea kifua mbele, mdogo wangu. Hakuna atakayethubutu kusema dada alikubeba.

Nakukumbatia kwa furaha,
Dada Mwanaisha