Uzi wa Mitumba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza kwa kukujulia hali wewe na shemeji, na kuuliza kama ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi wawili tuliobaki huku ni wazima. Presha ya Mama imeshuka, anakula vizuri, anagomba vizuri zaidi, na masikio yake ndiyo hayo, kila mwezi yanaacha kazi kidogo. Mimi pia ni mzima, ila nimekonda. Watu wakiniuliza nawaambia ni kazi.

Barua yako ya kutuarifu kwamba unakuja mwishoni mwa mwezi ujao ilifika Jumanne. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikafurahi mpaka mstari wa nne, kisha nikakaa kwenye kizingiti. Dada, kuna jambo nimelificha zaidi ya mwaka, na siku utakapoingia humu ndani litajulikana lenyewe. Mmoja wenu, wewe au Mama, ataumia vibaya, na aliyesababisha ni mimi. Nilikusudia kukueleza kwa mistari mitatu nimalize. Nimeshachana karatasi mbili. Basi niache nizunguke kidogo, nitafika.

Kazi ya kufuma inaendelea. Sebule unayoikumbuka haipo tena, kuna karakana. Mama anakaa dirishani kwenye kiti chake chenye mto, mimi nakaa chini kwenye mkeka nimeegemea ukuta, kwa sababu kiti cha pili kimechukuliwa na madonge ya uzi na hakuna wa kuyahamisha. Mwaka huu tumefuma kofia, mashali, vitambaa vya meza, viatu vya watoto wachanga na mikoba isiyohesabika. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliagiza mkoba wa kumzawadia mdogo wake. Ulipokamilika akaupenda, akabaki nao, akaagiza mwingine. Wa pili pia akabaki nao. Yule mdogo wake hadi leo hana kitu, na mwalimu ameshaanza kuulizia wa tatu.

Mama bado ni yuleyule. Anapohesabu vitanzi midomo inacheza, na ole wako umsemeshe, maana anakunyooshea sindano ya kroshia kana kwamba atakuchoma jicho. Ukitaka akusikie siku hizi lazima uweke mdomo sikioni kwake upige kelele, na hata hivyo anashika nusu. Muuguzi wa nyumba ya tatu alipokuja kuagiza sweta ilibidi atangaze kiuno chake kwa sauti ya mnadani, mara mbili, na mtaa mzima ukakijua. Simu ndiyo kabisa hataki hata kuishika. Anasema inamnong'oneza kama mchawi. Kwa hiyo kila ulilomwambia wewe limepita kwangu, na kila alilokwambia yeye limepita kwangu, na barua zake siku zote mkono wake ni mimi, kwani unajua kusoma hakubahatika.

Sasa nikueleze ugomvi wa Mama na muuza nyuzi, yule tunayemwita Mzee wa Nyuzi, ambaye amemuuzia tangu sisi tuko wadogo. Mwezi uliopita nilimpa Mama donge la uzi wa manjano. Aliupitisha vidoleni mara moja tu, akasimama. Unajua uzi ukishafumwa kisha ukafumuliwa hausahau. Unabaki na mikunjo kama nywele zilizotoka kusukwa, na usipoulowesha kwa maji ya vuguvugu ukauning'iniza na kitu kizito hadi unyooke, mfumaji yeyote atajua kwamba uzi ule uliwahi kuwa nguo. Siku hiyo sikuulowesha. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, nyuma ya bafu pamelowa, nikasema moyoni kwamba mara moja tu hataona. Kumficha Mama uzi, Dada! Mimi nina akili gani?

Alivaa viatu, akafunga kitambaa kichwani, akaniamuru nimfuate dukani. Nilimfuata kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kule dukani Mama alisema kwa sauti ile ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe kwamba amenunua hapa miaka thelathini, kwamba hakutegemea hata siku moja kuuziwa uzi wa mitumba, na kwamba kama biashara imekuwa ngumu afadhali mtu auze mkaa kuliko kufumua nguo za watu na kuziita mpya. Wateja watatu walikuwa pale. Mmoja alirudisha donge alilokuwa ameshika.

Mzee wa Nyuzi aliuchukua ule uzi, akautazama kwenye mwanga, kisha akanitazama mimi. Anajua kwamba sijanunua uzi wa manjano kwake tangu mwaka jana. Angeweza kusema. Nilisubiri aseme, na nakuambia ukweli kwamba nilitamani aseme, ili mambo yaishie pale pale mbele ya watu. Lakini aliinamisha kichwa, akamwomba Mama radhi kwa ishara ya mikono, akampa donge jipya bila kuchukua senti. Mama akatoka ameshinda. Tangu siku hiyo kila mteja anayeingia kwetu anaonywa kuhusu uzi wa mitumba, na baadhi yao wameacha kwenda kwa yule mzee.

Kesho yake nilirudi peke yangu kumwomba msamaha. Nilimwambia kwamba nguo zile nimekuwa nikizifumua mimi, kwa siri, mchana Mama anapolala, na kumrudishia uzi wake kana kwamba nimetoka kuununua. Uzi uleule wa manjano umekuwa kofia, ukawa soksi, ukawa sweta, ukawa sweta kubwa zaidi. Hakukasirika. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba nguo hizo zilikuwa za nani. Nikamjibu, na yeye akawa mtu wa kwanza kulisikia. Akasema amezeeka na ameona mengi, ila kwa hili hana la kunishauri.

Nguo ni za Bosi, Dada.

Mama anamfumia Bosi. Mama hajui kwamba Bosi alifariki.

Nisamehe kwamba nimeliandika jina lake bila kukutayarisha. Jina hilo Mama ndiye aliyempa, mtoto akiwa bado tumboni mwako, uliposema amekulaza kitandani miezi mitatu hutakiwi hata kunyanyua ndoo. Mama alisema huyo si mtoto, ni bosi. Wewe uliponipigia simu asubuhi ile, wiki saba baada ya kumzaa, ulilia ukasema nimwambie Mama taratibu. Nikakuahidi. Mama alikuwa ametoka hospitali siku tatu kabla, na daktari alikuwa ametukataza kabisa asipewe habari za kumshtua. Nilipoingia sebuleni alikuwa anafunga kitanzi cha mwisho cha kofia. Aliitundika kwenye ngumi yake akaigeuza huku na huku nione ilivyomkaa. Nikasema apone kwanza. Akapona. Nikasema wiki ijayo. Ndivyo ilivyokwenda miezi kumi na minne, na sina kisingizio kingine.

Kifurushi cha kwanza nilikipeleka posta kweli. Nilipanga foleni hadi dirishani, karani akaniuliza ndani mna nini. Nikarudi nacho chini ya kanga. Nikawa naviweka chini ya kitanda changu, mpaka Mama akaanza kusema anataka kufagia kule, ndipo nikaanza kufumua. Usifikiri ilikuwa rahisi. Kufuma kunachukua siku kumi, kufumua ni kuvuta uzi mmoja, robo saa hakuna kitu. Nikimaliza natoka nje nasimama tu. Na kila baada ya muda Mama anadai vipimo, maana anasema mtoto hakui kwa kukisiwa. Muuguzi ana binti aliyezaliwa mwezi uleule. Nampima huyo, mabega, mikono, unyayo, namdanganya mama yake kwamba kuna mteja. Nampelekea Mama kamba ya vipimo yenye mafundo, anaishika, anafurahi kwamba mjukuu wake amerefuka.

Bado lile baya zaidi. Ile pole niliyokuandikia wakati ule, kwamba Mama alilia siku mbili, kwamba alisema usijilaumu, kwamba alisema angekuwa na nguvu angekuja akulaze mapajani kama ulipokuwa mtoto, Mama hakuisema. Niliitunga mimi hapa hapa mkekani. Ulinijibu kwamba maneno yale ndiyo yaliyokutoa kitandani ukaanza kula. Niliposoma jibu lako nilijua nimefunga mlango na ufunguo nimeutupa, kwa sababu sasa kumwambia Mama ukweli ni kukunyang'anya wewe hayo maneno. Na baadaye ulipoanza kulalamika kwamba Mama hamtaji mtoto kamwe, kwamba hata tarehe ya kifo chake ilipita kimya, nilikujibu kwamba uchungu umemzidi. Nimekuacha umwone mama yako mkavu, naye kila siku anamtaja mwanao toka asubuhi.

Tangu barua yako ifike nimejaribu kumwambia mara tatu. Hili ndilo sijui nikueleze vipi ulielewe. Habari kama hii mtu huisema kwa sauti ya chini, umemshika mkono, maneno machache. Kwa Mama haiwezekani. Lazima nipige kelele. Lazima nisimame sikioni kwake nipaze sauti, na akishika nusu nipaze tena, kwamba mtoto amekufa, Mama, amekufa, zamani, huku majirani wananisikia kama nilivyosikia mimi kiuno cha muuguzi. Mara ya kwanza nilifungua mdomo nikamwambia chai imepoa. Mara ya pili nilimpigia magoti, akadhani naokota sindano, akainua miguu nipite. Mara ya tatu ilikuwa jana. Nilimshika mikono yote miwili ili aache kufuma anitazame. Alinitazama, akanipapasa shavu, akasema najua, na wewe umemkumbuka dada yako. Nikatikisa kichwa kukubali. Basi.

Maana hilo alilishika vizuri, kwamba unakuja. Nililazimika kumwambia, barua aliiona mkononi mwangu. Ameanika godoro. Amemwomba seremala wa jirani akaze kitasa cha chumba chenu na aondoe msumari uliotokeza chini, pale ambapo mtoto anayetambaa angeweza kuuparamia. Nguo za safari hii ameziweka mwenyewe kabatini na ufunguo anao shingoni, akisema posta basi, atamvisha kwa mikono yake. Siwezi hata kuzifumua.

Sijui nikuombe nini. Nikisema usije, nitakuwa nimekunyima nyumbani kwenu. Nikisema njoo, nakuona ukishuka na mkoba mmoja, mikono mitupu, na Mama ametoka nje anatazama nyuma yako. Labda umwambie wewe. Labda wewe ukisimama mbele yake hatahitaji kusikia. Najua si haki kukutwisha jambo hilo, wewe kati ya watu wote, nami niliahidi kulibeba. Nimeshindwa, Dada. Ukitaka kunitukana nitukane, ukitaka kutonisemesha nitakubali, ila usimchukie Mama, hana kosa lolote.

Mpe shemeji salamu zangu. Mwambie kwamba yeye pia namwomba radhi. Muuguzi anakusalimu, na Mzee wa Nyuzi ameniomba nikuandikie kwamba anakupa pole. Hiyo si ya kutunga, ameitoa mwenyewe.

Mama yuko dirishani. Ameniona naandika, akaniuliza kama ni kwako, nikaitikia kwa kichwa, akatoa salamu zake kama anavyozitoa kila barua. Huwa anatoa mbili, na miezi yote hii nimekuwa nikikuandikia moja. Leo naziandika zote kama zilivyotoka mdomoni mwake. Anakusalimu sana wewe binti yake, anasema safari njema na usisahau kula njiani. Na anamsalimu Bosi, anauliza kama ameshaachia kuta anatembea mwenyewe, au bado.

Ni mimi mdogo wako.